Kuacha nyumbani na kumfuata Mungu: nini hasa kinaachwa?

Msimu wa korosho ukiisha na malipo ya mnada wa mwisho yakishaingia benki, maamuzi mengi hufanyika vijijini Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania: nani anaoa, nani anaezeka bati, nani ananunua bodaboda. Katikati ya hayo hutokea pia binti anayetaka kuingia utawani, kijana anayetaka kwenda chuo cha Biblia, au mtu mzima aliyeamua kubatizwa ilhali ukoo wake wote ni wa msikitini. Wote watatu watakwambia wameitwa waache walichokizoea, kama Ibrahimu. Wote watatu wanazungumzia mambo tofauti. Mahubiri mengi huikoroga habari hii kwa kuchukua agizo alilopewa mtu mmoja na kuligeuza amri ya kila mtu.

Ukiyasoma Maandiko bila haraka, utaona kinachoachwa ni cha namna nne: mahali, riziki, ibada za zamani, na kauli ya mwisho ya ndugu juu ya maisha yako. Tatu za kwanza zinategemea mtu. Kuna aliyeambiwa ahame na aliyekatazwa kuhama. Aliyetoa mali yote na aliyetoa nusu akapokelewa vilevile. Ya nne ndiyo isiyo na msamaha kwa mwamini yeyote, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haina sanduku la kufunga wala nauli ya kulipa.

Ibrahimu mwenyewe

Agizo la Mwanzo 12:1 lina ngazi tatu: "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako." Linaanza na duara pana, linamaliza na lile dogo kabisa. Nchi ni ardhi na lugha. Jamaa ni ukoo, watu wa kukutetea ukidhulumiwa. Nyumba ya baba ni urithi, ulinzi, na pia madhabahu, maana Yoshua 24:2 inasema wazi kwamba Tera, baba yake Ibrahimu, aliitumikia miungu mingine.

Hapa Kusini ngazi ya tatu inahitaji kuelezwa kwa namna ya huku. Kwa asili Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama. Baba ana heshima yake, lakini mambo ya ukoo huamuliwa na mjomba. Kwa hiyo mhubiri akimwambia Mmwera atoke "nyumba ya baba" na kuishia hapo, amegusa mlango usio na kufuli. Swali lenye uzito kwake ni hili: mjomba akikataa, utafanyaje?

Safari yenyewe haikuanza na Ibrahimu. Mwanzo 11:31 inasema Tera ndiye aliyeondoka Uru pamoja na mwanawe, mkwewe Sarai na mjukuu Lutu, wakielekea Kanaani. Wakafika Harani wakakaa huko. Ibrahimu alipoondoka Harani alikuwa na miaka 75. Hesabu ina utata wake: Tera anatajwa kuwa na miaka 70 alipoanza kuzaa na 205 alipokufa, kwa hiyo ukijumlisha moja kwa moja, Tera angekuwa bado na miaka 60 ya kuishi mwanawe alipoondoka. Lakini Stefano, katika Matendo 7:4, anasema Ibrahimu aliondoka baada ya baba yake kufa. Wengi hulitatua kwa kusema Ibrahimu ametajwa kwanza kwa heshima, hakuwa kifungua mimba. Jambo hili lina uzito, kwa sababu wapo wanaotumia habari ya Ibrahimu kuhalalisha kumtelekeza mzee mgonjwa. Kwa ushahidi wa Stefano, mzee alikwisha kuzikwa.

Hakuondoka mikono mitupu pia. Mwanzo 12:5 inasema alichukua mke, mpwa, vitu vyote walivyokusanya na watu waliowapata Harani. Ule ulikuwa msafara. Yaliyofuata hayakuwa mteremko: njaa ikaingia Kanaani, akashuka Misri, akaogopa, akamtambulisha mkewe kuwa ni dada yake. Baadaye wachungaji wake na wa Lutu wakagombana kwa sababu ya malisho, wakatengana. Baada ya miaka mingi, Sara alipokufa, Ibrahimu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia katika nchi aliyoahidiwa. Ilibidi anunue shamba na pango la Makpela kutoka kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha. Anayeondoka akitarajia mwaka wa kwanza uwe wa neema tupu hajaisoma habari hii mpaka sura ya 23.

Nyavu, meza ya ushuru na mtu wa Wagerasi

Wanafunzi wa Yesu ndio mfano wa pili unaotumiwa sana, hasa ufukweni Mikindani na Msimbati ambako kila mtu anajua nyavu ni nini. Marko 1 inasema Simoni na Andrea waliacha nyavu zao wakamfuata. Endelea mistari kumi tu mbele: wanaingia katika nyumba ya Simoni na Andrea, mama mkwe wa Simoni yuko kitandani ana homa. Nyumba haikuuzwa, mke hakufukuzwa. Miaka mingi baadaye Paulo, katika 1 Wakorintho 9:5, anamtaja Kefa kuwa anasafiri na mkewe. Baada ya ufufuo Petro anasema anakwenda kuvua, na chombo kipo.

Lawi mtoza ushuru ni habari nyingine. Kiti cha ushuru kilikuwa kazi ya kupangiwa. Ukiinuka leo, kesho amekalia mwingine. Mvuvi anaweza kurudi baharini, mtoza ushuru harudi mezani. Wito ulikuwa mmoja, gharama zikatofautiana. Zakayo alitoa nusu ya mali na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, akaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake. Tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze vyote. Na yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyetolewa pepo, aliomba kabisa apande chomboni pamoja na Yesu. Akakataliwa. Akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wa kwao awasimulie.

Huyo wa mwisho hahubiriwi vya kutosha. Kwake, kurudi kijijini ambako kila mtu alimkumbuka akilala makaburini kulikuwa ndiko kuacha alichokizoea.

Kuna neno dogo katika Marko 1:20 ambalo wasomaji huliruka. Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni "pamoja na watu wa mshahara". Mzee hakuachwa peke yake na nyavu mbovu. Palikuwa na mikono ya kuendesha kazi. Mtu akija na habari ya wito, swali la kwanza la mlezi mwenye akili ni nani atabaki na Zebedayo.

Maneno makali, na jinsi yanavyotumika vibaya

Luka 14:26 inasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi. Mathayo 10:37 inaandika fundisho hilohilo kwa namna ya kupima: ampendaye baba au mama "kuliko mimi". Ndivyo walivyosema Wayahudi: kuchukia hapa ni kuweka nyuma. Yesu mwenyewe, katika Marko 7, aliwakemea watu waliotangaza mali kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Na 1 Timotheo 5:8 inamwita asiyewatunza wa nyumbani mwake mbaya kuliko asiyeamini. Ukiweka mistari hii pamoja, huwezi kuutumia wito kama njia ya kukwepa dawa za mama.

"Waache wafu wazike wafu wao" (Luka 9:60) limeleta ugomvi mkubwa zaidi huku, kwa sababu kutokwenda msibani ni kujitoa katika jamii. Mpaka arobaini ipite, jina lako litakuwa limetajwa kila jioni. Wafafanuzi wengi hulielewa ombi la yule mtu kuwa ni kuahirisha: Wayahudi walizika siku ileile, kwa hiyo kama baba angekuwa amekufa, mwana asingekuwa njiani akizungumza. Alikuwa akisema, niache nikae na mzee mpaka siku zake ziishe, nipate na changu cha urithi, kisha nitakuja. Wapo wanaosema mzee alikuwa amekufa kweli na Yesu anadai kipaumbele kisicho na mfano. Kwa maelezo yoyote kati ya hayo mawili, anayelaumiwa ni mtu mwenye "kwanza" isiyokwisha. Mstari huu haumzuii Mkristo kushika jembe makaburini.

Elisha alipoitwa na Eliya (1 Wafalme 19) aliomba akawabusu baba na mama, akaruhusiwa. Alikuwa akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe. Akachinja jozi moja, akapika nyama kwa miti ya vifaa vyao, akawapa watu wakala, ndipo akaondoka. Aliaga hadharani, akalisha watu, na akahakikisha jembe lake mwenyewe halipo tena la kurudia. Sijaona mpango wa kuaga ulio bora kuliko huu.

Masasi, na swali la desturi

Ukanda huu wa Kusini una historia yake ya kuacha na kufuata. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakateremkia Lindi, wakatembea kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali, wakaamua kukaa. Kwao kuondoka nyumbani hakukuwa wito hata kidogo, waliporwa. Imani waliipata ugenini, kisha wakajenga kijiji kipya na watu ambao si ukoo wao. Mwaka 1882 Wangoni waliwashambulia, watu wakatawanyika, na kwa muda shughuli za misheni zikahamia Newala.

Katika kizazi hicho yumo Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali miongoni mwa Wayao wenzake. Mzungu wa UMCA aliacha Uingereza ili aje. Majaliwa aliacha Zanzibar, mji uliomlea na kumsomesha, ili arudi kwa watu wa asili yake akiwa mtu mwingine.

Halafu likaja swali la jando. Mvulana akienda jandoni anatoka kwa mama, anakaa porini na wenzake, anafundishwa, anarudi na jina jipya. Je, mtoto wa Mkristo aende? Akienda, anakutana na matambiko kwa mizimu. Asipoenda, atabaki mtoto machoni pa kijiji hata akiwa na mvi, na kupata mke ni kazi. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kukataza tu kunazaa jando la siri. Akaruhusu jando la kanisa: kambi ya porini ikabaki, tohara ikabaki, mafundisho ya adabu yakabaki, ila maombi kwa mizimu yakatolewa na pahali pake pakawekwa sala na usimamizi wa padri. Upande wa wasichana ulisumbua zaidi, na kwa haki, kwa sababu kilichokuwa ndani ya mafundisho yenyewe hakikupatana kirahisi na yale ya kanisa.

Mtu anaweza kubishana na Lucas mpaka kesho. Alichokiona sawasawa ni kwamba desturi ni mkusanyiko wa mambo mengi, na anayeongoka hana budi kuyachambua moja moja: hili ni ibada, hili ni elimu, hili ni chakula tu. Anayetupa vyote kwa siku moja mara nyingi huvirudia vyote kwa siku moja, siku mtoto anapougua usiku.

Mambo ya mkononi

Tuje kwenye utekelezaji, ambako wito mwingi huharibika.

Deni kwanza. Kanuni ya 644 ya Sheria za Kanisa Katoliki inawazuia wakuu wa shirika la kitawa kumpokea unovisi, yaani kipindi cha majaribio ya utawa, mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Ni busara hata kwa mwinjilisti wa kilokole. Kibaya zaidi ni nauli iliyopatikana kwa kangomba: kijana anauza korosho za familia mapema, kwa kipimo cha mtaani na bei ya kutupa, anapanda basi, na mnada ukifika nyumbani hawana cha kupeleka ghalani. Huo ni wizi uliofungwa kwa kitambaa cha altare.

Pili, mikorosho yenyewe. Salfa ya kuzuia ubwiri unga hupigwa wakati mti unatoa majani mapya na maua, kuanzia Mei au Juni kuendelea. Ukiondoka Juni bila kumwachia mtu bomba, salfa na maelekezo, maua yataungua na ukoo utasema Mungu wako ndiye aliyeyachoma. Ondoka baada ya mavuno, au kabidhi kazi kwa jina la mtu, mbele ya watu. Malipo ya stakabadhi ghalani huingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa na chama cha msingi. Kama aliyesajiliwa ni wewe na wewe uko nyumba ya malezi, mama hatatoa hata shilingi. Badilisha usajili kwenye AMCOS, yaani hicho chama cha msingi, mapema, kabla magunia hayajaanza kupimwa.

Tatu, kuaga. Usitangaze kwa simu, na usimfanye mjomba alisikie kanisani. Mtafute mzee anayeheshimiwa na pande zote, mwende naye jioni, uketi chini. Maneno yawe machache: "Mjomba, shikamoo. Nimekuja kukueleza jambo kabla hujalisikia kwa watu. Sijaja kuomba ruhusa ya kumwamini Mungu, nimekuja kuomba baraka zako na kukwambia nani atashika kazi zangu." Sentensi ya mwisho ya hotuba hiyo ndiyo ya nne katika yale manne ya mwanzo: kauli ya mwisho imehama, heshima imebaki. Akikasirika, usijibu siku hiyo. Rudi baada ya wiki.

Anayetoka familia ya Kiislamu ana mzigo wa pekee. Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda, lakini bibi yake haishi kwa ibara. Kinachosaidia ni kuendelea kuwepo: msibani kachimbe kaburi, Idd peleka sukari na mchele, mgonjwa kamtazame. Kinachoharibu ni kejeli. Mwongofu anayeposti maneno ya kudharau swala za baba yake amejifungia mlango ambao Mungu hakuufunga. Na aliye na mwenzi asiyeamini asome 1 Wakorintho 7:12-13: kama mwenzi anaridhia kuishi naye, asimwache. Kuongoka si talaka.

Nne, yule anayekuita. Kilichotokea Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, kikajulikana mwaka 2023, kimewekwa wazi kwa kila msomaji wa Kiswahili: watu waliacha kazi, wakauza mali, wakahamia msituni, wakafunga kula ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Dalili zake zinafanana popote: unaharakishwa, unakatazwa kuwasiliana na ndugu, mali inaelekea kwa mtu mmoja, mtoto anazuiwa shule au hospitali. Katika Matendo 13 Barnaba na Sauli walitengwa kwa kazi katika kanisa la Antiokia, kwa kufunga na kuomba, mbele ya viongozi kadhaa. Wito wa kweli hauogopi kuchunguzwa.

Kanisa Katoliki limeweka uchunguzi huo katika miaka, na ni vizuri wazazi waijue hesabu. Chini ya miaka 17 unovisi si halali, wala kwa mtu ambaye ndoa yake ingali hai, wala kwa aliyeingizwa kwa nguvu au hila (kanuni ya 643). Unovisi ni miezi 12 kwa uchache na hauzidi miaka miwili, ingawa unaweza kurefushwa kwa miezi isiyozidi sita. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka isiyopungua mitatu, kwa kawaida isiyozidi sita. Nadhiri za daima hazitolewi kabla ya kutimiza miaka 21. Kabla ya nadhiri za kwanza mtawa anamkabidhi mtu usimamizi wa mali yake. Wosia unaandikwa kabla ya zile za daima.

Kwa hiyo mjomba asigawe kiwanja cha binti siku alipopanda gari kwenda malezini. Kwa miaka minne au zaidi mlango wa kutoka uko wazi pande zote mbili, na akitoka hatakuwa na haki ya kudai ujira wa kazi alizofanya huko, japo kanuni ya 702 inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Wengi hurudi katika miaka hiyo, na kurudi kwa wakati huo ndiyo kazi ya malezi kufanyika ipasavyo. Apokelewe na chakula, asiulizwe maswali wiki ya kwanza, na aonyeshwe mikorosho yake ilipo.